Maharage ya Gairo na Hadithi ya Damu

Tulipofika mada ya jenetiki kidato cha nne, tulianza na Mendel na njegere zake kwenye bustani ya watawa huko Ulaya. Sina ugomvi na Mendel. Ila sisi wa Afrika Mashariki tunayo hadithi yetu, tena ya damu yetu wenyewe, na tunaipita tu.

Anthony Allison alikulia shambani Gilgil, Kenya. Mwaka 1949, akiwa msomi wa Oxford, alirudi kupima damu za watu wa makabila mbalimbali. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walibeba jeni moja ya selimundu. Kwenye nyanda za juu, hata mmoja hakufika. Sasa, jeni inayoua watoto inawezaje kuwa nyingi hivyo?

Alihisi ni malaria. Mwaka 1953 akapima watoto 290 karibu na Kampala. Waliobeba jeni moja walikuwa 43, na vimelea vya malaria vikaonekana kwa 12. Wasiobeba walikuwa 247, vikaonekana kwa 113. Akachapisha mwaka 1954: jeni moja hukinga, mbili huleta ugonjwa.

Somo hili halihitaji maabara. Hapa Gairo maharage hayakosi sokoni. Changanya mekundu mengi na meupe machache kwenye mfuko. Meupe ndiyo jeni ya selimundu. Mwanafunzi achote mawili mawili bila kuangalia: kila jozi ni mtoto. Kundi la kwanza tuliite Kilosa, kule chini kwenye joto na mbu: litoe jozi zote nyeupe tupu, na baadhi ya nyekundu tupu, maana malaria imewachukua. Kundi la pili tuliite Gairo, huku juu kwenye baridi na upepo, na tuseme hakuna malaria: litoe nyeupe tupu peke yake. Yaliyobaki yarudi mfukoni, mchote tena, na tena. Mfuko wa Gairo meupe yatapungua. Wa Kilosa yatang'ang'ania.

Nalitaka somo hili kwa sababu nimesikia maneno ya mtaani. Mtoto akivimba vidole na kulia usiku, utasikia karogwa, au mama yake ana mkosi. Maharage hayasemi hivyo. Yanasema baba katoa punje moja, mama katoa moja, na wazazi wote wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa robo. Punje hiyo hiyo ndiyo iliyowavusha mababu kwenye malaria.