Nani Akae Mbele ya Ngoma? Sherehe na Majina ya Watu Mbarara na Nakivale

Likitajwa suala la rangi na sherehe za hadhara nchini Uganda, wengi wetu hukumbuka picha moja ya mwaka 1975: Idi Amin ameketi kitini, amebebwa na wazungu, mjini Kampala, mwaka ule ambao Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikutana huko. Picha ile ilizunguka dunia na haikuhitaji mkalimani. Makala haya yanahusu sherehe nyingine, ya Mbarara, isiyojulikana sana nje ya Uganda. Waliobishana juu yake walikuwa Waafrika watupu, wenye lugha moja, na hata hivyo hoja ilikuwa ya jamii ileile: nani anatukuzwa mbele ya watu, na nani anaambiwa apige magoti.

Novemba 20, 1993, John Barigye alitawazwa Mbarara kuwa Omugabe wa Ankole, kwa jina la Ntare wa Sita. Falme zilizofutwa mwaka 1967 zilikuwa zimeanza kurejeshwa, na Buganda walikwisha kumtawaza Kabaka wao mwezi Julai kwa shangwe kubwa. Barigye hakupata bahati hiyo. Serikali ilitangaza mara moja kwamba kutawazwa kwake ni batili, kwa maelezo kwamba Wanyankole wenyewe hawajaafikiana. Barigye alifariki mwaka 2011 bila kutambuliwa, na baada yake Ankole imeendelea bila Omugabe anayetambuliwa na serikali.

Hawajaafikiana juu ya nini? Waliotaka ufalme, wakiwemo wa Nkore Cultural Trust, walisema kiti kile ni urithi wa Wanyankole wote. Wapinzani wao wa Banyankore Cultural Foundation walijibu kwamba kiti ni cha Wahima, yaani wafugaji, na kwamba Wairu, wakulima ambao ndio wengi, wakihudhuria sherehe hiyo watakuwa wanashangilia unyonge wao. Hapa kuna neno la kuangaliwa. Mwiru, katika Kinyankole, wengi hulifasiri kuwa mtumishi au hata mtumwa. Ndiyo maana wako wasiokubali kabisa kuitwa hivyo, nao husema tu kwamba wao ni Wanyankole. Mtu ambaye jina lake lenyewe ni la chini, atasimama wapi siku ya kutawazwa mfalme?

Kwa mwalimu wa Kiswahili liko jambo la kuchekesha na kusikitisha kwa pamoja. Mwaka 1863 John Hanning Speke alichapisha kitabu chake cha safari ya chanzo cha Nile. Humo alidai kwamba watawala wafugaji wa nchi za maziwa ni watu wa asili nyingine, waliotoka upande wa Ethiopia, waliozaliwa kutawala. Aliwaitaje? Wahuma. Wenyeji husema ba-. Wa- ni kiambishi chetu. Speke alisafiri na akina Sidi Mubarak Bombay, wasemaji wa Kiswahili, na majina ya watu aliyaandika kwa namna ya Kiswahili. Kwa hiyo nadharia ile ya rangi iliingia maktaba za Ulaya ikiwa imevaa ngeli yetu ya kwanza na ya pili. Kosa si la ngeli, lakini ni vyema tulijue.

Wakoloni waliipokea nadharia hiyo wakaifanyia kazi. Baada ya mkataba wa Ankole wa 1901, vyeo vikubwa vilibaki mikononi mwa wachache, na Nuwa Mbaguta akawa Enganzi, yaani waziri mkuu, kwa miongo kadhaa. Katika miaka ya 1940 Wairu waliosoma walianza chama chao wakakiita Kumanyana. Msomaji wa tenzi za kale atalitambua neno hili bila kamusi, kwani -manya kwa maana ya kujua limo katika Kiswahili cha washairi. Kumanyana ni kujuana. Mwaka 1955 Kesi Nganwa, mmoja wao, akawa Enganzi. Hivyo waliopinga sherehe ya 1993 hawakuzua ugomvi mpya. Walikuwa na kumbukumbu ya kujuana kulikodaiwa kwa jasho.

Hata hivyo, kuna ngoma. Ufalme wa Ankole ulikuwa na ngoma kuu, Bagyendanwa. Waliosoma juu ya siwa ya Lamu au ngoma za Mwinyi Mkuu wa Unguja wataelewa mara moja kitu cha namna hiyo. Mwanaanthropolojia Oberg, aliyefanya utafiti Ankole katika miaka ya 1930, alieleza kwamba Bagyendanwa ilipelekewa sadaka na Wahima na Wairu pia, na kwamba ilihesabiwa kuwa ni ya nchi nzima, kubwa kuliko mfalme mwenyewe. Nionavyo mimi, hapo ndipo mjadala wa 1993 ulipokosa shabaha. Watu walibishana juu ya nani akae kitini, na kitu pekee kilichowahi kuwawakilisha wote kikasahauliwa pembeni.

Ubishi huu ungekuwa wa wazee na mapambo yao, kama si Nakivale. Makazi hayo yako kusini mashariki ya Mbarara, katika wilaya ya Isingiro, iliyokatwa kutoka wilaya ya Mbarara mwaka 2006. Yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, na waliopokelewa mwanzoni walikuwa Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda. Huko nako nadharia ya Speke ilikuwa imekwisha kuandikwa katika vitambulisho vya Wabelgiji. Kisha, Oktoba 1982, viongozi wa wilaya pamoja na vijana wa chama tawala cha UPC waliwafukuza majumbani watu walioitwa Wanyarwanda katika Ankole. Miongoni mwao walikuwemo raia wa Uganda, na Wahima pia, kwa kuwa mfukuzaji hakutofautisha. Maelfu walisukumwa hadi Nakivale na Oruchinga, na maelfu wengine hadi mpaka wa Rwanda.

Leo Nakivale ina zaidi ya watu laki moja: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowakutanisha. Juni 20, Siku ya Wakimbizi, huadhimishwa kwa ngoma na hotuba, na mshereheshaji ana kazi ngumu kuliko anavyodhaniwa. Akitangaza vikundi kwa nchi, Wanyamulenge awaweke wapi? Wao husema ni Wakongo. Sheria ya uraia ya Zaire ya 1981 iliwanyima wengi wao haki hiyo, na wako Wakongo wanaowakana mpaka sasa. Akitangaza kwa kabila, amefungua kidonda. Akitaja mtaa tu, Juru, Rubondo au Base Camp, amewaepusha wote, lakini huenda mchezaji alitaka jina la kwao lisikike angalau mara moja kwa mwaka.

Wanafunzi wetu wanaokwenda uwandani mwezi Juni wangefanya vyema kunasa maneno hayo ya utangulizi, kikundi kwa kikundi, na kuandika pembeni ni nani aliyepiga makofi.