Upitaji wa Joto katika Miamba: Kutoka Nta ya Sénarmont hadi Mipaka ya Wiener

Seremala hakupata kuhitaji fizikia ili ajue kwamba ubao una mkondo wa nyuzi. Wataalamu wa joto walichelewa kidogo. Joseph Fourier, katika kitabu chake cha mwaka 1822, alikipa kila kitu kigumu kadiri moja tu ya upitishaji, kana kwamba joto halijali liendako. Miaka sita baadaye De la Rive na de Candolle, wanasayansi wa Geneva, walionyesha kwamba katika mti joto hupita kwa wepesi zaidi likifuata nyuzi kuliko likizikata.

Aliyeiondoa shaka kuhusu mawe ni Mfaransa Henri de Sénarmont, mwaka 1847. Vifaa vyake vilikuwa duni mno: kibamba cha fuwele kilichopakwa nta, tundu katikati, na madini ya moto yaliyopenyezwa humo. Nta iliyeyuka, na ukingo wa myeyuko ukaacha alama. Juu ya kioo alama hiyo ni duara. Juu ya kwatzi iliyokatwa sambamba na mhimili wake ilikuwa duaradufu, urefu ukizidi upana kwa karibu thuluthi. Kwa kuwa upitishaji hufuata mraba wa uwiano huo, jibu ni takriban 1.7. Vipimo vya siku hizi, takriban wati 11 kwa mita kwa digrii kufuata mhimili na 6.5 kwa kuukingama, vinatoa uwiano ule ule. Si majaribio mengi ya nta yaliyodumu hivyo.

Lakini mwamba si fuwele moja. Una chembe, matabaka na vitundu vyenye maji au hewa. Maxwell, mwaka 1873, alikokotoa mchanganyiko wenye tufe ndogo zilizotawanyika mbalimbali. Otto Wiener, mwaka 1912, aliweka mipaka miwili. Tuseme chembe zina upitishaji wa 6, na sehemu 20 katika 100 ni maji yenye 0.6. Joto likienda sambamba na matabaka, jumla ni 4.92, likiyakata, ni 2.14. Vitundu hivyo vikijaa hewa, kikomo cha chini hushuka hadi 0.12, ilhali cha juu hubaki 4.8. Hivyo neno “wastani”, ambalo vitabu vya shule hulipa maana moja, hapa lina maana mbili zinazogombana, na istahili ya Kiswahili isiyozitenga humpoteza msomaji.

Hashin na Shtrikman waliikaza mipaka hiyo mwaka 1962, ila kwa mchanganyiko usiobagua mwelekeo. Mwamba wa matabaka haumo. Nao ndio wenye hatari: joto litokalo ardhini hukadiriwa kwa kuzidisha ongezeko la joto kwa kina na upitishaji wa mwamba. Palipo na matabaka yaliyolala, joto hilo huyakata likipanda. Kipande kikipimwa maabarani kwa kufuata matabaka, ardhi itahesabiwa kutoa joto isilolitoa.