Njia ya Wapagazi na Hazina ya Wote

Kila njia yataka mwenye kuitunza. Neno hili ni jepesi kulisema, lakini katika nchi yetu ya Unyanyembe limechukua zaidi ya miaka mia kufahamika, na hata leo halijafahamika lote. Basi, ndugu wasomaji, tuitazame njia kuu ya zamani, iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora, na kutoka hapo ikashuka mpaka Ujiji, ukingoni mwa ziwa Tanganyika.

Katika karne ya 19 njia hii haikuwa na mtengenezaji. Ilikuwa njia ya mguu tu, mtu mmoja nyuma ya mwenziwe. Mbele alikwenda kirangozi, na nyuma yake wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa frasila 2 hivi, yaani ratili 70. Nguo, ushanga na nyaya za shaba zilikwenda bara. Pembe za ndovu zilikwenda pwani. Tena walipita humo watumwa waliofungwa, ambao hawakuichagua safari hiyo wala hawakupata ujira wake. Mwaka 1857 Burton na Speke walitumia siku 134 kutoka pwani mpaka Kaze, ndiyo Tabora ya leo.

Je, gharama ya njia ilikuwa nini? Ilikuwa hongo. Kila mtemi aliyepitiwa alidai nguo au ushanga, naye alikuwa na haki yake, maana visima na mashamba vilikuwa vya nchi yake. Lakini hongo ilikuwa mali ya mtemi, wala haikumlazimu kujenga daraja au kuilinda njia ng'ambo ya mpaka wake. Kwa hiyo njia iliyowafaa wote ilikuwa mikononi mwa mmoja mmoja. Vita vilipozuka mwaka 1871 kati ya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe, njia ya kwenda Ujiji ilifungika, na Stanley alilazimika kuzunguka upande wa kusini ili amfikie Livingstone. Akigombana mmoja, walikwama wote.

Reli ilileta desturi nyingine. Wadachi walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma 1914. Kampuni ya reli haikuanza kazi mpaka serikali ya Ujerumani ilipotoa dhamana ya faida yake. Na kutoka Morogoro kuja bara, reli ilijengwa kwa fedha ya mkopo wa serikali. Na mkopo wa serikali hulipwa na nani? Mzigo wake huwaangukia wenye nchi. Tangu 1898 walitozwa kodi ya nyumba, na mikono yao ndiyo iliyoinua tuta na kulaza mataruma, hali hawakuulizwa shauri lo lote. Baadaye Waingereza walijenga tawi la kutoka Tabora mpaka Mwanza, likamalizika 1928. Na katika siku zetu serikali ya Tanzania imeanza reli mpya iliyo pana kuliko ile ya kwanza: mkataba wa sehemu ya Makutupora mpaka Tabora ulitiwa sahihi mwaka 2021, na ule wa Tabora mpaka Kigoma mwaka 2022, na mwaka 2024 gari za umeme zilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma.

Basi, kwamba hazina ya wote ijenge reli, watu wachache watabisha. Lakini njia ya kale je? Wako waulizao, "Kwa nini shilingi itiwe katika mambo ya wafu, hali barabara ya kijijini kwetu imekatika, na mama mwenye mimba huchukuliwa kwa machela mpaka zahanati?" Swali hili ni la haki. Sisi twasema, zahanati kwanza. Lakini yatupasa kutazama mambo mawili.

La kwanza, reli ina tikiti, asiyelipa hushushwa. Kumbukumbu haina tikiti. Mtoto ajuaye babu zake walipita wapi, na kwa taabu gani, hupata faida hiyo pasipo kupita mlangoni kwa mtu, wala hakuna awezaye kumzuia. Kwa sababu hiyo hakuna mfanya biashara atakayeitunza. Isipotunzwa na wote, haitatunzwa.

La pili, majengo yaliyosimama ni ya wenye nguvu. Tembe ya Kwihara, walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, imefanywa makumbusho, nayo ni vema. Lakini wapagazi na watumwa hawakujenga nyumba njiani. Twawajua Susi na Chuma, kwa kuwa wao na wenzao walichukua maiti ya Livingstone mpaka Bagamoyo, wakafika mwaka 1874. Wengine maelfu hawana hata jina. Njia yenyewe na miembe iliyo kando yake ndiyo nyumba yao.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Yaliyo mapya zaidi hungoja tangazo la Waziri. Tena mwaka 2006 njia hii ya pembe na watumwa iliandikwa katika orodha ya mahali ambapo Tanzania yatarajia kupaombea heshima ya Urithi wa Dunia. Lakini kuandikwa ni mwanzo tu. Karatasi haizuii shoka wala jembe.

Twaona basi kwamba fedha ijengayo njia mpya yapasa itoe sehemu ndogo kwa ajili ya njia ya kale: nguzo ya mawe penye kambi za zamani, kibao chenye maneno machache, na amri ya kuacha miembe pale inapowezekana. Gharama yake mbele ya gharama ya reli ni kama tone katika mtungi. Na kazi nyingine haihitaji hazina yo yote: wazee waulizwe majina ya kambi na visima, nayo yaandikwe katika daftari la kijiji, wazee wangali hai. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta ukianguka hujengwa tena. Njia ikiisha kulimwa, hakuna fundi awezaye kuirudisha.