Kutoka Königsberg hadi Kitale

Chombo cha kuchungulia ndani ya jicho kilikuwa kidogo tangu mwanzo. Mwaka 1850, mjini Königsberg, Hermann von Helmholtz alitaka kuwaeleza wanafunzi wake kwa nini mboni hung'aa. Akaunganisha kadibodi, lenzi na vipande vya kioo vya hadubini, akaweka taa pembeni, akaiona retina ya mtu aliye hai.

Mimi ni muuguzi wa macho, na nilichofundishiwa ni kitukuu cha chombo hicho: mpini wa betri, balbu na gurudumu la lenzi. Unatia chumba giza, unamwambia mama atazame mbali ukutani, unasogea hadi mashavu yanakaribia kugusana, jicho la kulia kwa la kulia. Wekundu kwanza, kisha mshipa wa damu. Unaufuata mpaka kwenye kichwa cha neva. Ila anayeona ni wewe peke yako. Ili daktari bingwa naye aone, unachora duara kwenye kadi. Michoro ile niliichukia. Dalili ya presha ya macho ni upana wa kishimo kile cha katikati ya kichwa cha neva, na kalamu haikipatii.

Ndiyo maana niliufuatilia sana utafiti wa macho wa Nakuru, Kenya. Kuanzia 2013, daktari wa macho Andrew Bastawrous na wenzake walirudi kwa watu waliopimwa 2007 na 2008, mashine nzito zikisafirishwa hadi vijiji visivyo na umeme. Humo humo wakajaribu simu iliyovishwa lenzi. Hata asiye daktari aliweza kupiga picha ya retina, ikasomwa na wataalamu London.

Lakini kwangu mwaka mkubwa ni 2018, yalipochapishwa matokeo ya Dkt. Hillary Rono na wenzake kutoka kaunti ya Trans Nzoia, yenye mji wa Kitale: shule 50, watoto zaidi ya 20,000, wapimaji wakiwa walimu. Upande mmoja ulitumia chati ya E na barua ya kwenda hospitali. Wa pili ulitumia programu ya simu, mzazi wa mtoto aliyepatikana na tatizo akaonyeshwa picha ya jinsi mwanawe anavyoona, kisha akakumbushwa kwa ujumbe mfupi. Waliopewa barua, asilimia 22 walifika hospitali. Upande wa simu walifika asilimia 54.

Kwa miaka mingi tuliwaita wazazi hao wazembe. Tuliwaonea: hakuna aliyewahi kuwaonyesha walichopaswa kuhangaikia. Sasa nawafikiria wale asilimia 46 waliopata picha na ujumbe, na bado hawakufika.