Nyumba Inayopumua: Historia ya Chokaa, Saruji na Ukarabati wa Kila Mwaka Pwani

Masika yakiisha, Mei ikielekea Juni, pita kwenye mtaa wowote wa zamani wa pwani, iwe Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu au Mombasa. Angalia kuta kuanzia chini hadi usawa wa kifua. Utaona mabaka ya unyevu, rangi iliyojikunja kama ganda la kitunguu, na hapa na pale kipande cha lipu kimedondoka na kuacha jiwe wazi. Huu ndio msimu wa wenye nyumba kuita mafundi. Na jibu la mafundi wengi ni lile lile: tubandue yote, tupige saruji ya nguvu, utasahau kabisa habari za ukuta huu.

Hilo neno "utasahau" ndilo nataka tulichunguze leo. Nyumba hizi zilijengwa na watu waliojua kwamba kila mwaka watarudi na ndoo na brashi. Kurudi huko kulikuwa sehemu ya ujenzi wenyewe. Ukikuondoa, hata ukiweka kitu chenye nguvu zaidi mahali pake, unaibadilisha nyumba bila kujua, na mara nyingi unaiharibu.

Nyumba iliyotoka baharini

Tuanze na malighafi. Karibu kila kitu kwenye nyumba ya mawe ya pwani kilitoka baharini au ukingoni mwa bahari. Mawe ni matumbawe, na yako ya aina mbili. Aina ya kwanza hukatwa chini ya maji yakiwa bado hai: ni laini yakiwa mabichi, yanachongeka vizuri, kisha hukauka na kuwa magumu. Hayo yalitumika kwenye kazi za urembo kama vibla na fremu za milango. Aina ya pili ni matumbawe ya kale yaliyokwisha kugeuka mwamba nchi kavu, yenye matundu na kona kali. Haya ndiyo yaliyojaza kuta nene.

Huko Shanga, kisiwani Pate, wanaakiolojia walifukua msikiti juu ya msikiti: ya chini ilikuwa ya miti na udongo, ya juu yake ikajengwa kwa mawe ya matumbawe. Kilwa Kisiwani, Msikiti Mkuu ulianza kujengwa karne ya 11 na ukapanuliwa sana karne ya 14. Kwa hiyo tunazungumzia ufundi wenye umri wa takriban miaka 1,000.

Juu ya kuta zililazwa boriti, yaani miti ya mikoko. Boriti ya kawaida inabeba mzigo vizuri kwa upana wa karibu mita 3 tu, ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni virefu lakini vyembamba. Mkoko ndio uliopanga ramani ya nyumba.

Kilichoshikilia mawe, kilichofunika kuta na kilichomwagwa juu ya boriti kuwa sakafu kilikuwa kitu kimoja: chokaa. Nayo ilitoka kwenye matumbawe yale yale.

Jiwe linaloondoka na kurudi

Hapa kuna kemia kidogo, lakini usikimbie, ni ya kidato cha pili tu.

Tumbawe ni kalsiamu kabonati. Mafundi walipanga magogo kwa duara, wakarundika vipande vya matumbawe juu yake, wakawasha moto. Likifikia karibu nyuzi 900 za Selsiasi, jiwe linatoa hewa ya ukaa na kubaki kalsiamu oksaidi, chokaa kali isiyoguswa kwa mkono mtupu. Kilo 100 za jiwe safi zinakupa kilo 56 tu za chokaa hiyo. Kilo 44 zimepaa kama hewa ya ukaa.

Kisha maji. Chokaa kali ikikutana na maji inachemka yenyewe, inapasuka, inageuka uji mweupe wa kalsiamu haidroksaidi. Uji huo uliachwa uive kwa muda mrefu kabla ya kutumika. Fundi anapoupaka ukutani, unaanza kunyonya hewa ya ukaa kutoka kwenye hewa ya kawaida, polepole, kwa wiki na hata miezi, hadi unarudi kuwa kalsiamu kabonati. Yaani, unarudi kuwa jiwe lile lile lililoingia kwenye moto.

Kwa hiyo ukuta uliopigwa chokaa ni jiwe limefunikwa kwa jiwe la ukoo wake. Vyote viwili vina vitundu vidogo vidogo, vyote vinaruhusu mvuke wa maji kupita. Mafundi wa majengo ya kale wanaposema ukuta "unapumua", wanamaanisha hilo: maji yanayoingia yana njia ya kutokea.

Na kuna zawadi nyingine. Nyumba ya chokaa ikipata ufa mwembamba kama unywele, maji ya mvua yanayopenya huyeyusha chokaa kidogo na kuiacha ndani ya ufa, ambako inaganda tena. Nyufa ndogo hujiziba zenyewe. Nyufa kubwa ndizo zinazomhitaji fundi.

Kalenda mbili za mwenye nyumba

Rangi ya chokaa haidumu. Mvua inaimega, vumbi linaichafua, ukungu unaota kwenye pembe zenye kivuli. Zanzibar hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, nyingi zikianguka Machi hadi Mei. Kila masika yanakula safu nyembamba ya chokaa.

Ukiliangalia kwa jicho la leo utasema hiyo ni kasoro. Fikiria tena. Safu ile ya juu ilikuwa kama soli ya kiatu: iliwekwa iliwe, ili jiwe lililo ndani lisiliwe. Kuiweka upya kulihitaji chokaa, maji, brashi na siku chache. Na kila ulipoirudisha ulipata faida tatu. Weupe ulirudisha mwanga wa jua, nyumba ikapoa. Ukali wa chokaa mbichi, ambayo pH yake inapita 12, uliua ukungu na vijidudu. Tatu, ambayo watu huisahau: mtu alilazimika kuugusa ukuta wote kwa mkono wake. Ufa mpya, boriti iliyoanza kuoza, mche uliojichomeka kati ya mawe, vyote vilionekana vikiwa bado vidogo.

Kazi hii ilifuata kalenda mbili. Ya kwanza ni ya jua na mvua: huwezi kupaka chokaa katikati ya masika, itasombwa kabla haijashika. Watu wa pwani walikuwa na hesabu ya mwaka wa jua inayoanzia Nairuzi, iliyowasaidia mabaharia na wakulima kujua pepo na mvua. Ya pili ni ya mwezi: nyumba husafishwa na kupakwa kabla ya Ramadhani au Idi, wageni wakute kuta nyeupe. Lakini mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takriban siku 11, kwa hiyo Idi huzunguka misimu yote katika miaka kama 33. Kuna miaka kalenda hizo mbili zilipatana, na kuna miaka sikukuu iliangukia katikati ya mvua.

Brashi ilishikwa na nani?

Hapa tusijidanganye kwa kutamani ya kale. Chokaa ilikuwa kazi ngumu. Kukata magogo, kuchoma matumbawe, kubeba mawe, kuchanganya, kupaka. Sakafu ya dari ilipondwa kwa vijiti siku nyingi mfululizo, watu wakiwa kwenye mistari, wakiimba ili mapigo yaende pamoja, hadi chokaa ishikamane na kuwa ngumu. Katika karne ya 19, Zanzibar ilipokuwa inatajirika kwa karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watu, sehemu kubwa ya jasho hilo lilikuwa la watumwa.

Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907. Tangu hapo kila siku ya kazi ilihitaji kulipiwa. Nyumba ambayo matunzo yake yalitegemea mikono mingi ya bure ikawa nyumba ghali. Baada ya Mapinduzi ya 1964, majengo mengi ya Mji Mkongwe yalichukuliwa na serikali, na familia kadhaa zikaishi pale ilipokuwa ikiishi moja, kwa kodi ndogo. Sasa jiulize: paa likivuja juu ya vyumba vya familia 6, nani anapanda na ndoo ya chokaa?

Saruji inabisha hodi

Saruji ya Portland ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824, kwa jina la Joseph Aspdin. Ilichukua muda kutufikia kwa wingi, lakini ilipoanza kutengenezwa hapa hapa haikusimama. Kiwanda cha Bamburi, Mombasa, kilianza uzalishaji miaka ya 1950. Cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza mwaka 1966.

Tuelewe kwa nini watu waliipenda. Mfuko unaubeba begani. Inashika kwa saa chache, wakati chokaa inataka wiki. Haihitaji kuchomewa tanuri. Kwa mwenye nyumba asiye na vibarua wala muda, saruji ilikuwa ukombozi, na kwa nyumba mpya ya matofali bado ni chaguo zuri. Tatizo linaanza inapopigwa juu ya ukuta wa matumbawe na chokaa.

Ukuta wa zamani hauna kizuizi cha unyevu chini yake. Maji ya ardhini hupanda ndani yake kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Zamani yalipanda kidogo, yakatokea usoni mwa ukuta na kukauka. Ukiufunika ule uso kwa saruji, umeziba mlango. Maji yanaendelea kupanda, sasa yanatafuta njia juu zaidi. Ndiyo maana baada ya miaka michache baka la unyevu lililokuwa kwenye goti linakuwa kwenye kifua.

Maji hayo yamebeba chumvi, maana tuko pwani na mchanga wenyewe ulikuwa wa pwani. Chemsha maji ya bahari kwenye sufuria hadi yakauke, utaona fuwele zinavyobaki. Ndani ya ukuta fuwele hizo zinaota nyuma ya lipu, zinasukuma, na lipu ya saruji, ambayo ni ngumu kuliko tumbawe, inang'oka kwa bamba zima ikiwa imeshikilia uso wa jiwe. Lipu ya chokaa ikishindwa, inapukutika yenyewe na kuliacha jiwe salama.

Hatari kubwa zaidi haionekani. Ncha za boriti zimelala ndani ya ukuta ule ule. Ukuta ukibaki na unyevu mwaka mzima, ncha zinaoza kimya kimya, huku kwa nje nyumba inang'aa kwa rangi mpya.

Majengo ya zamani hayaanguki kwa sababu moja. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 enzi za Seyyid Barghash kwa matumbawe pamoja na chuma, ilianguka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa kwenye ukarabati. Siwezi kuiweka kesi hiyo mlangoni kwa saruji. Lakini ilitukumbusha wote kwamba jengo linaweza kusimama miaka 137 na kuanguka mchana mmoja, na kwamba kuchelewa kutunza kunalipwa kwa maisha ya watu.

Kama ukuta ni wako

Ikiwa unamiliki, umepanga au umerithi nyumba ya namna hii, historia inakupa mpangilio wa kazi za msimu huu.

Anza juu. Kagua bati na mifereji ya maji kabla ya kugusa ukuta, kwa sababu ukuta uliopakwa chini ya mfereji uliotoboka ni pesa iliyotupwa. Ng'oa miche iliyoota kwenye nyufa, hasa ya jamii ya mtini, ikiwa bado midogo. Mizizi yake ikikomaa inatenganisha mawe. Chini, ondoa udongo na taka zilizorundikana ukutani, maji yapate kukimbia mbali na msingi.

Kabla fundi hajaanza, muulize maswali matatu: ukuta huu ni wa nini, lipu iliyopo ni ya nini, na maji yatatokea wapi ukishamaliza? Akijibu la tatu vizuri, umepata fundi. Kama lipu ya zamani ni ya chokaa na bado imeshika, usiibandue. Palipodondoka, rudishia kwa chokaa na mchanga uliooshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa safu nyembamba, kila moja ikipewa muda. Juu yake paka chokaa. Rangi ya mafuta inaziba kama saruji. Vaa glavu na miwani, chokaa mbichi inachoma macho. Chokaa ya leo inunuliwe iliyotokana na mawe ya machimbo, si matumbawe hai, kwa sababu samaki wanayahitaji kuliko sisi. Na ndani ya Mji Mkongwe, omba kibali kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, kabla ya kubadili chochote.

Gharama nayo ihesabiwe upya. Linganisha bei ya saruji ya mara moja na bei ya chokaa ya miaka 15, halafu ongeza upande wa saruji gharama ya kubadili boriti zilizooza. Kinachopungua leo ni mafundi wanaoijua chokaa. Ukimpata mmoja, mwombe aje na kijana wa kujifunza, na umlipe huyo kijana pia.