Ujenzi endelevu wa maghorofa marefu Arusha

Ujenzi endelevu wa maghorofa marefu Arusha ni usanifu wa majengo ya ghorofa nyingi unaopunguza matumizi ya umeme, maji na saruji kwa kufuata hali ya hewa, maji na ardhi ya eneo la Mlima Meru, kaskazini mwa Tanzania.

Jiji la Arusha halina jengo la kufikia mita 150, kimo ambacho kimataifa hutumika kutenga majengo marefu sana na maghorofa ya kawaida. Hata hivyo linakua haraka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 416,442. Ile ya 2022 ilihesabu 617,631. Upande wa kaskazini kuna miteremko ya Meru yenye migomba na kahawa za Waarusha na Wameru, na juu yake msitu unaolisha mito ya Themi na Naura. Kila mtaa mpya wa nyumba za chini hula mashamba hayo, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kujenga kwenda juu.

Jua na upepo

Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, takriban nyuzi 3 na nusu kusini mwa ikweta. Jua la saa sita mchana huwa karibu na utosi mwaka mzima: mwezi Juni huegemea kaskazini, Desemba huegemea kusini. Kwa hiyo kuta zinazotazama kaskazini na kusini hukingwa kwa urahisi. Kikinga jua cha zege kinachotokeza mita 1 juu ya dirisha hutia kivuli takriban mita 2 kwenda chini saa sita mchana wa Juni. Ukuta wa mashariki au magharibi haukingiki hivyo, maana jua la asubuhi na la saa kumi huingia kwa ubavu. Jengo linalofaa Arusha basi ni refu kwa kulala mashariki–magharibi, na ncha zake hizo mbili zina madirisha machache.

Kuta za vioo vitupu pande zote nne, mtindo ulioenea Dubai na kuigwa Afrika Mashariki, hupuuza jambo hilo. Joto likishaingia kupitia kioo hutolewa kwa viyoyozi, katika mji ambao usiku wa Julai watu huvaa masweta.

Mfano wa karibu kwa hali ya hewa ni jengo la Eastgate mjini Harare, Zimbabwe, lililofunguliwa mwaka 1996. Harare iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Msanifu wake, Mick Pearce, alichukua wazo kutoka kwenye vichuguu vya mchwa: hewa baridi ya usiku hupitishwa kwenye sakafu nzito za zege na kuzipoza, kisha mchana hewa iliyopata joto hupanda na kutokea kwenye mabomba ya moshi yaliyo juu ya paa. Jengo halina mfumo wa kawaida wa viyoyozi.

Maji

Hapa ndipo Arusha inapotofautiana na miji mingi. Chemchemi na visima vingi vinavyotoka Meru vina floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkeno. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4 kabla ya kushusha kiwango. Ikizidi, hutia meno rangi ya kahawia kwa watoto, na baadaye huweza kupinda mifupa. Wakazi wa Maji ya Chai, mashariki mwa jiji, wanalijua jambo hili vizuri. Kuchimba kisima chini ya ghorofa, kama wajenzi wengi wanavyopenda, si suluhisho mpaka maji yapimwe.

Maji ya mvua hayana tatizo hilo, lakini ghorofa refu lina paa dogo kwa watu wengi. Chukua paa la mita za mraba 500 na mvua ya milimita 900 kwa mwaka: hukusanya lita 450,000, na baada ya kupoteza sehemu ya tano hubaki lita 360,000. Wafanyakazi 400 wakitumia lita 3 kila mmoja kwa kunywa na kupikia, siku 250 za kazi, watahitaji lita 300,000. Yanatosha. Kwa vyoo hayatoshi hata kidogo: kwa lita 25 kwa mtu, mahitaji yanafika lita milioni 2.5. Mpango wa busara ni kutenganisha mabomba tangu mwanzo: mvua kwa kunywa baada ya kuchujwa na kutibiwa, maji ya kunawia yasafishwe na kurudishwa vyooni. Tangi la mvua lazima livushe ukame wa Juni hadi Oktoba, yaani lita 126,000 kwa hesabu hii, na maji ya kwanza ya mvua yamwagwe kwa sababu ya vumbi na vinyesi vya ndege.

Paa hilo hilo dogo hugombaniwa pia na paneli za jua. Kwa jengo la ghorofa 10 au zaidi, paneli hizo kwa kawaida hupunguza bili tu. Haziendeshi lifti, pampu na taa zote.

Vifaa

Utengenezaji wa saruji hutoa takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Majivu ya volkeno yaliyosagwa huweza kuchukua nafasi ya sehemu ya saruji yakipimwa ubora. Mawe na moramu huchimbwa kando ya jiji, lakini uchimbaji huo una gharama yake: Aprili 2013 kifusi cha machimbo ya Moshono kiliua watu zaidi ya 10.

Mbao ni njia nyingine. Mwaka 2021 ulitangazwa mpango wa mnara wa mbao wa ghorofa 28, mita 96, huko Fumba, Zanzibar. Miteremko ya Meru ina shamba la miti la serikali lenye misindano, ila mbao za kubeba ghorofa hugandishwa kwa gundi kiwandani kwa viwango maalumu. Mbao za kupaulia hazifai kazi hiyo.

Uimara

Arusha iko kando ya Bonde la Ufa. Julai 2007 matetemeko yaliyoanzia karibu na Ziwa Natron yalisikika Arusha na hata Nairobi. Nondo, viungo vya nguzo na upimaji wa udongo ni sehemu ya uendelevu, kwani jengo lililobomoka limepoteza saruji yote pamoja na watu. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36. Kibali chake kilikuwa cha ghorofa 10. Ghorofa zikiongezwa baada ya kibali, hesabu ya msingi na nguzo huharibika, na vilevile ile ya tangi, pampu, lifti na ngazi za kukimbilia moto.