Hesabu ya Chumbe

Ukiwaaga watu wa Kariakoo kwamba unakwenda Unguja, hukuagiza halua, karafuu, au mafuta ya nazi. Rafiki yangu wa Mtaa wa Sikukuu hakuagiza chochote. Aliendelea kukunja vitenge, akavipanga juu ya meza, ndipo akauliza kama safari yangu itafika Chumbe. Nikamwambia itafika, nimepata nafasi ya siku moja. Akanyamaza kidogo. "Ukipanda ule mnara," akasema, "angalia kama pale mahali panaonekana."

Hakutaja mahali gani, nami sikuuliza. Tulisoma darasa moja. Tulikuwa na miaka kumi na mitatu Jumatano ile ya tarehe 18 Julai 2012, mama yake alipofunga duka mapema na kwenda bandarini kupanda boti ya mchana. Ramadhani ilikuwa siku mbili tatu mbele, na alikuwa na mzigo wa vitenge wa kupeleka Darajani kabla watu hawajaanza kununua nguo za Idi. Boti ilikuwa MV Skagit. Ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, kwenye upepo mkali na mawimbi, alasiri jua likiwaka. Makumi ya watu walikufa, na wengine hawakuonekana tena. Mama wa rafiki yangu ni miongoni mwa hao ambao hawakuonekana.

Siku zile ninakumbuka redio. Kila duka lilikuwa na redio, na zote zilisema mambo yaleyale kwa kupishana sekunde chache, kwa hiyo ukitembea kutoka Sikukuu hadi Msimbazi ulisikia habari moja ikikufuata. Na kila siku idadi ilibadilika: ya abiria, ya waliookolewa, ya maiti. Baba wa rafiki yangu alikuwa na daftari la mahesabu ya duka. Kwenye ukurasa wa nyuma alikuwa akiandika idadi inayotangazwa, anaifuta, anaandika nyingine. Nilidhani anafanya hivyo ili ajue wangapi wamekufa. Sasa naona alikuwa anatafuta kama katika tofauti ya namba mbili kuna nafasi ya mtu mmoja aliye hai.

Leo mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika historia, na utafiti wangu unahusu mtaa huuhuu niliokulia. Watu wengi wanajua kwamba jina Kariakoo linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko hapa, vita vikaanza mwaka 1914 kabla halijatumika kama walivyokusudia. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, eneo hilo likawa kambi ya wapagazi. Nairobi nako kuna Kariokor, jina lilelile katika matamshi mengine. Ni watu waliobeba mahindi, risasi na majeruhi kwenye nchi isiyo na barabara, ambako mbung'o waliwaua farasi na nyumbu, kwa hiyo mzigo ukabaki wa kichwa cha binadamu.

Wapagazi wale walipewa namba. Kila mmoja alikuwa na kisahani cha chuma chenye namba yake, na kwenye karatasi za jeshi namba ndiyo iliyokuwa mtu. Walikufa zaidi kwa kuhara, homa ya mapafu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Makadirio ya waliokufa upande wa Waingereza peke yake hukaribia 100,000. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwahi kukumbukwa kwa majina, na kwamba huenda idadi ikafika 350,000. Tazama upana wa pengo hilo. Kati ya namba ya chini na ya juu wamo watu zaidi ya laki mbili, na hatuwezi kusema kama walikuwepo.

Msimamizi wangu aliniambia niache kulia juu ya mafaili, nitafute mahali ambapo mtu wa kazi ya chini alijengewa kitu kikabaki. Nikafikiria minara ya taa. Mnara hauwaki wenyewe. Rafiki mwingine, mwalimu wa sekondari huko Unguja, alikuwa anawapeleka wanafunzi wake Chumbe kwa masomo ya mazingira, akaniomba nimsaidie kuwaangalia. Ndivyo nilivyopata nafasi. Lakini ningekuwa mwongo kama ningesema kwamba nilikwenda kwa ajili ya minara tu.

Tuliondokea ufukwe wa Mbweni, mahali ambapo wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walinunua ardhi mwaka 1871 na kuwaweka watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Ilikuwa Agosti, kusi lina nguvu. Boti ndogo ilipiga mbele, ikarusha maji, watoto wakapiga kelele za furaha. Mimi nilishika ubao kwa mikono miwili. Kila wimbi lilipotuinua nililiangalia lile linalofuata.

Chumbe kiko kilomita kama 12 kusini mwa Mji Mkongwe. Ni hekta 22 tu, kirefu na chembamba, na chote ni jiwe: matumbawe ya kale yaliyobaki juu baada ya bahari kushuka, yenye ncha kali kiasi kwamba ukijikwaa utatoka damu. Hakuna mto wala kisima. Maji yanayotumika ni ya mvua, yanakingwa juu ya mapaa. Hata hivyo msitu umeota juu ya jiwe hilo, mizizi ikipenya kwenye nyufa kutafuta unyevu. Usiku hutoka kaa wa nazi, kaa wakubwa kuliko wote wanaoishi nchi kavu. Pia kuna paa nunga, mnyama aliye hatarini kutoweka, aliyeletwa hapa apate mahali salama.

Kisiwa hiki kimekuwa hifadhi rasmi tangu mwaka 1994, miamba ya matumbawe ya upande wa magharibi pamoja na msitu. Walinzi wake wa kwanza walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani, waliofunzwa kazi hiyo. Mlinzi aliyetupokea alikuwa mzee mwenye sauti ndogo. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Kariakoo.

"Kariakoo," akarudia, kama mtu anayetaja duka alilowahi kununua kitu kibovu, na watoto wakacheka.

Mnara ulijengwa na Waingereza mwaka 1904, Zanzibar ikiwa chini ya himaya yao na Sultani Ali bin Hamud akiwa kwenye kiti. Meli zinazoingia bandari ya Unguja kutoka kusini zilihitaji kujua usiku mwamba uko wapi. Mwaka 1926 ukawekewa mfumo wa gesi wa AGA, kampuni ya Uswidi iliyokuzwa na Gustaf Dalén. Huyu Dalén alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912 kwa kuvumbua vifaa vya kuendesha taa za baharini bila mtu. Kimojawapo kilikuwa vali inayotumia jua: fimbo nyeusi hupata joto la mwanga, hurefuka na kuziba gesi, jua likizama hupoa, hujikunja, gesi hupita na taa huwaka. Mwaka huohuo wa tuzo, mlipuko wa gesi ulimpofua macho. Aliendelea kuongoza kampuni kwa miaka mingi, akitengeneza mwanga asiouona.

Jina la Dalén limo vitabuni. Walinzi wa mnara wa Chumbe wameacha nyumba na msikiti. Nyumba yao ndiyo iliyokarabatiwa ikawa mahali pa kupokelea wageni. Msikiti ni mdogo, una kuba kwa mtindo wa Kihindi, na uliwekwa kwa ajili yao na familia zao. Nilisimama mlangoni nikahesabu: wakikaa mstari mmoja, watu sita au saba. Mtu alifikiria kwamba anayewasha taa ana mke, ana watoto, anasali. Katika mafaili yangu ya wapagazi sijakutana na fikra kama hiyo.

Buabua walikuwa kwenye mwamba wa kusini, weupe, wakiruka na kutua tena dhidi ya upepo. Mzee aliwaeleza wanafunzi kwamba mwaka 1994 mamia ya jozi za buabua waridi walikuja kutaga hapa, juu ya jiwe tupu, bila kiota. Panya waliokuwa kisiwani walikula mayai na makinda. Baadaye katika miaka hiyo ya 1990 ikafanyika kampeni ya kuwamaliza panya, na mpaka leo kila boti na kila mzigo huangaliwa wasirudi. Watafiti hupita na daftari: jozi ngapi, mayai mangapi, makinda mangapi yameruka.

Mwanafunzi mmoja akauliza, "Wanahesabu mpaka yai?"

"Mpaka yai," akasema mzee.

Niliandika hilo, kisha nikaona aibu ya hasira niliyokuwa nayo. Ndege hawana kosa. Hesabu yao ilikuwa nzuri kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeamua kwamba kupungua kwa mmoja ni jambo la kuandikwa. Miezi kumi kabla ya Skagit, usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba. Siku za mwanzo hesabu ya waliokufa ilikuwa kama 200. Tume ya uchunguzi ilipomaliza kazi, waliokufa na waliopotea walipita 1,500. Hesabu hiyo haikutoka kwenye orodha ya abiria. Ilibidi watu waende kuwataja ndugu zao mmoja mmoja.

Ngazi za mnara zinazunguka ndani kwa ndani, zaidi ya mia moja, na sehemu nyingine unapanda kwa kugusa ukuta. Juu, upepo ulinipiga kifuani. Upande mmoja Unguja, kijani na karibu. Upande wa pili mkondo wa Zanzibar, bluu nzito iliyojaa mikunjo myeupe. Boti ya kutoka Dar ilikuwa inapita, ikipanda na kushuka, na abiria wa sitaha walionekana kama punje.

Mzee alikuwa amepanda nyuma yangu, akihema. Nikamweleza, kwa mara ya kwanza siku hiyo, kuhusu rafiki yangu na mama yake. Akasema innalillahi, akakaa kimya. Kisha nikamuuliza swali ambalo nadhani lilikuwa limenileta: mnara huu ulikuwa hapa, umesimama zaidi ya miaka mia, mahali pa kuonekana na kila mtu, ulisaidia nini?

"Siku ile ilikuwa mchana," akasema. "Na hata ingekuwa usiku, taa yaonyesha jiwe, mwanangu. Boti ile haikugonga jiwe."

Nilirudia maneno hayo njia nzima ya kushuka. Waingereza walijenga mnara kwa ajili ya hatari waliyoiogopa, nayo ni kupoteza meli kwenye mwamba. Kazi hiyo mnara umeifanya. Skagit ilikuwa imejengwa Marekani, ikavusha watu kwa miaka mingi kwenye maji ya ndani ya jimbo la Washington, karibu na Seattle, kabla ya kuletwa kwenye bahari yetu yenye kusi. Alama ya kuonya kuhusu jambo kama hilo haikai juu ya jiwe. Inapaswa kukaa bandarini, kabla kamba haijafunguliwa: chombo hiki ni cha bahari gani, upepo leo ukoje, waliopanda ni kina nani, majina yao, na mtoto aliyepakatwa pia. Taa ya namna hiyo haiwashwi na vali ya jua. Inahitaji mtu mwenye daftari, na mwenye mamlaka ya kusema leo hatuondoki.

Nilirudi Kariakoo siku ya tatu. Jioni rafiki yangu alikuwa anafunga duka, lile lile la mama yake, rangi mpya. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza mengi, ya Dalén, ya msikiti, ya maneno ya mzee. Akaniuliza moja tu.

"Panaonekana?"

"Panaonekana," nikasema. "Vizuri kabisa."

Akatikisa kichwa, akaingia ndani, akatoka na daftari la zamani lenye jalada la bluu. Akalifungua ukurasa wa nyuma. Namba za baba yake zilikuwa pale, zimefutwa na kuandikwa mpaka karatasi imechanika. Chini yake palikuwa na nafasi tupu. Akanipa kalamu, akaniambia niandike jina la mama yake, kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri kuliko wake, na mimi ndiye niliyefika.

Nikaandika majina yote matatu, na tarehe. Kisha tukateremsha shata la duka.